Mwaka Niliotazama Juu

Jumamosi iliyopita walimzika wifi yangu Kaluki kule Kanyangi, na mimi nilikataa kupelekwa. Gari lilikuja mpaka mlangoni. Binti yangu Mumbua alikuwa ameshanivalisha gauni jeusi na kunifunga kitambaa kichwani, nami nikamwacha amalize kazi yake yote ndipo nikamwambia siendi. Mimi husema kwa macho. Mbele ya kiti changu kuna kompyuta yenye kifaa kinachofuata mboni zangu. Herufi zimepangwa wima, nami nikiikazia moja macho inaandikika, na nikimaliza sentensi, mashine inaisoma kwa sauti ya mwanamume fulani mgeni anayetamka Kiswahili kama mtu anayetafuna changarawe. Sauti hiyo ikasema, "Nendeni nyinyi, mimi nina shughuli." Shughuli yenyewe ni hii ninayoiandika. Kanisa lilikuwa limeniomba maneno machache ya rambirambi, nikayaandika, wakayasoma, wakaamua ratiba imejaa. Mumbua alienda, akalia huko mpaka sauti ikamkauka, akarudi na wali wa matangani ndani ya bakuli. Sikuugusa. Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Wanaosema hivyo hawajawahi kulala mwaka mzima wakisemwa vibaya wao wenyewe, wangali hai, tena mbele ya masikio yao.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mumbua alikuwa bado mchanga kabisa, kitovu kimetoka juzi, pale presha iliponipanda nikiwa nafua nepi zake. Mshipa ulipasuka huku nyuma ya kichwa. Nilipozinduka wodini, mwili wote ulikuwa umezimwa, mikono, miguu, shingo, ulimi, hata kumeza. Kilichobaki ni kope, na macho ambayo yaliweza kupanda na kushuka tu, kando hayaendi. Akili haikuguswa hata kidogo, lakini nani angejua? Daktari alisimama upande wangu wa kulia, mume wangu Mutisya upande wa kushoto, wakaongea juu yangu kama watu wanaoongea juu ya meza. Daktari alisema nipelekwe nyumbani nikapumzike, maana ndani humo hakuna mtu tena. Mutisya alikuwa akiziba magurudumu ya malori kule Salama, na chumba chake cha kupanga kilikuwa kinatosha kitanda na jiko. Basi mimi na mtoto tukapelekwa kwa dada yake mkubwa, Kaluki, ambaye hakuwa amejaliwa kuzaa, na ambaye soko zima la Kanyangi lilimwita mama wa huruma. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, si ndivyo tunavyofundishwa? Nami nilifundishwa hivyo.

Chumba chenyewe nakijua kuliko uso wangu. Kilikuwa stoo kabla sijaletwa, na hakikuacha kuwa stoo. Kando ya kitanda kulikuwa na magunia ya ndengu yaliyopangwa mpaka karibu na dari, yakinuka ile dawa ya kuzuia wadudu, na juani mabati yalikuwa yakialika tap, tap, tap, mpaka jioni. Dirisha dogo lilielekea uani, kwenye jiko. Nilikuwa nalishwa uji kwa mpira uliopitishwa puani, na huku pua ikiwa na mpira wake, bado ilinusa kila kitu: muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa ukitokota na kunde, vitunguu vikikaangwa, chapati za Krismasi. Isitoshe, kwa kuwa chumba kile kilikuwa na ubaridi mzuri mchana, wageni walikuwa wanaletewa chakula humo humo. Walikalia magunia yaliyolazwa chini miguuni pangu, wakala. Mtu alikuwa anaweza kuweka sahani yake juu ya miguu yangu, kwa vile haitikisiki.

Na wakishakula, huongea. Hapo ndipo nilipojifunza binadamu. Pasta wetu alikuwa akipangusa mchuzi midomoni akisema afadhali Bwana angenichukua kabla ya mvua, kwa sababu mazishi yakiangukia wakati wa kupanda, watu hawaji. Akina mama wa kwaya walibishana kama gauni langu la harusi litamtosha binti wa fulani. Mutisya alikuja kutoka Salama mara chache, akaketi akinipa kisogo, akamwambia dada yake kwamba kuna msichana anauza matunda pale barabarani, mtu mpole, na kwamba hata yeye ni mwanamume, atangoja mpaka lini? Kaluki akamwambia hakuna anayemlaumu. Walichota muthokoi wakaendelea kula. Mimi nilikuwa hapo, umbali wa mkono, na sikuwa na mkono.

Lakini hayo yote ningeyasamehe, au labda nisingeyasamehe, lakini ningeyanyamazia. Kitu nisichokinyamazia ni maji. Mtu anayelala tu hukojoa kitandani, na shuka zinataka kufuliwa, na maji Kanyangi hubebwa. Siku moja nilimsikia Kaluki akimweleza jirani yake jinsi alivyopata njia. "Nilipunguza maji," alisema, kwa sauti ile ya mtu anayefundisha mwenzake kupika. "Ukimpa kidogo, anatoa kidogo. Hata hivyo hajui." Tangu hapo kikombe changu cha plastiki kilikaa juu ya gunia, kimejaa, mbele ya macho yangu, naye alivuta humo tone tu kwa bomba la sindano akanisukumia mpirani. Ulimi ulikauka ukagandana na kaakaa. Nilikuwa nasikia mtungi ukichotwa uani, mtu akinywa, akishusha pumzi ya kuridhika. Nimekaa na kiu ile mpaka leo. Mtu akiniuliza kwa nini sikwenda mazishini, jibu ni hilo, na halina jibu jingine nyuma yake.

Bila shaka nilijaribu kusema. Kila aliyeingia nilimtazama usoni, kisha nikainua macho kwa nguvu zangu zote, nikayashusha, nikayainua tena, nikidhani mtu mwenye akili ataona kwamba hiyo si bahati. Waliona, sikatai. Kaluki aliwaita akina mama wa kanisa akawaonyesha. Wakashika vifua vyao. Wakasema Mwikali anaona mbingu, malaika wamekuja kumchukua, na wakanizunguka kitandani wakaanza nyimbo za kumsindikiza anayekufa. Nami nikainua macho zaidi, kwa hasira, nikitaka kuwaambia wanyamaze, niko hapa, nileteeni maji. Ndipo wakazidisha sauti. Mmoja alilia kwa furaha. Tangu siku hiyo habari ikasambaa, watu wakawa wanakuja kuomba kando yangu, na Kaluki akawa ndiye mfasiri wangu. Alikuwa akisimama kanisani Jumapili akiwaeleza kwamba ameyasoma macho yangu asubuhi, na kwamba nimesema nawapenda wote. Mimi, kuwapenda wale!

Wakati huo wote mtoto wangu alikuwa anakua upande wa pili wa ukuta. Nilimsikia akicheka, nikamsikia akiota meno, nikasikia siku aliyosimama kwa kushika ndoo. Kaluki alimpenda, hilo siwezi kumnyima, na kwangu hilo lilizidi kuwa kosa. Alimleta mara moja moja akiwa amembeba mgongoni, uso wa mtoto ukitazama mlango. Kisha nikasikia neno la kwanza. Alisema "mama" pale uani, na Kaluki akaitika. Akalisema tena, akaitikiwa tena. Wiki hiyo hiyo Kaluki alimwambia Mutisya kwamba inafaa mambo yawekwe sawa: yeye Mutisya aoe, na mtoto awe wa Kaluki kabisa, kwa baraka za wazee wa pande zote mbili, na mbuzi achinjwe. Kwetu sisi Wakamba mbuzi si kitoweo tu. Wazee wa pande mbili wakishamla juu ya jambo, jambo hilo limefungwa. Ukija baadaye na malalamiko unaulizwa nyama ulizila za nini. Nililala pale nikijua kwamba siku mbuzi huyo akiliwa, hata nikiinuka nikitembea, Mumbua hatakuwa wangu tena.

Aliyeniokoa alikuja kwa sababu ya vidonda vya mgongo. Aliitwa Zuhura, mama wa Kiislamu kutoka Mwingi, mtaalamu wa viungo katika hospitali ya Kitui, aliyekuwa akizunguka vijijini kuangalia wagonjwa waliorudishwa nyumbani. Aliniosha vidonda akiwa ananieleza kila anachofanya, na mtu kuniambia mimi mwenyewe, si mwingine juu yangu, lilikuwa jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Kisha akainama. "Mwikali, kama unanisikia, dada yangu, tazama juu." Nikatazama juu. Kaluki, aliyekuwa mlangoni, akacheka kidogo akasema huyo ndivyo alivyo, huangalia mbinguni siku nzima. Zuhura akanisogelea zaidi. Akaniambia, "Sasa tazama chini." Nikatazama chini, kwenye vidole vyangu vya miguu, na hakuna aliyewahi kusema mbinguni kuko huko. Zuhura akakaa juu ya gunia. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Juu iwe ndiyo. Chini iwe hapana. Uchungu unausikia?" Ndiyo. "Watu unawasikia?" Ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Aliporudi mara ya pili alileta ubao. Alikuwa amechukua picha kubwa ya eksirei iliyotupwa, akaiosha kwa dawa ya kufulia mpaka ikawa kioo, akaandika juu yake herufi kwa kalamu ya wino mzito, safu kwa safu. Anaushika kati ya uso wake na wangu, anataja safu, nami nainua macho akifika kwenye safu yangu. Kisha herufi moja moja mpaka niinue tena. Polepole kama kuchagua mchele, lakini ni usemi. Alimfundisha Kaluki mbele yangu, akamwachia. Kaluki alishukuru sana, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akausukuma ule ubao nyuma ya magunia. Alimwambia jirani kwamba herufi zinanichosha, na kwamba yeye hahitaji herufi, macho yangu anayasoma bila miwani. Kikulacho ki nguoni mwako. Ilinibidi ningoje mpaka Zuhura arudi tena, na aliporudi akauliza ubao uko wapi, Kaluki akasema umepasuka. Zuhura akanigeukia akaniuliza mimi. Umepasuka? Chini. Umo humu? Juu. Kwenye magunia? Juu. Akauchomoa ukiwa na vumbi la ndengu. Kaluki akakumbuka ameacha sufuria jikoni, akatoka. Neno langu la kwanza duniani baada ya karibu mwaka lilikuwa MAJI. Zuhura alinipa kikombe chote, bomba baada ya bomba, akilia na akisema maneno fulani ambayo si ya kuandikwa. Neno la pili lilikuwa MBUZI. Hilo lilimsumbua, ikabidi nimweleze, na nilipomaliza kueleza aliniambia atarudi siku hiyo, hata kama ni kwa kisingizio cha bandeji. Ubao aliondoka nao.

Siku yenyewe ua ulijaa. Upande wa mume alikuja Mzee Nzioka, ndugu mdogo wa marehemu baba mkwe wangu, na upande wangu mjomba Kilonzo alitoka Nuu alfajiri. Pasta alikuwepo, maana palipo na mbuzi hakosekani. Kupitia dirisha niliweza kuona kona ya jiko na miguu ya watu, na kusikia kila kitu. Zuhura alikuja na mkoba wake wa dawa akaombwa aketi na wanawake angoje. Mjomba alipopewa kisu akauliza kama mwenye mtoto ameulizwa. Mzee Nzioka akasema swali hilo ni la haki, mbuzi haliwi kabla mama hajasema ndiyo. Sasa hapo ndipo Kaluki alipokuwa amepiga hesabu zake vizuri. Sisi tuna nthoni, ile heshima ya wakwe: mzee kama yule, aliye sawa na baba wa mume wangu, hawezi kukanyaga chumba ninacholala. Lazima mwanamke aingie, aniulize, atoke na jibu. Na mwanamke anayeyasoma macho yangu kila mtu alimjua.

Basi akaingia. Akausindika mlango. Nilimkazia macho nikingoja swali, kwa maana hata mwizi huangalia mlango kabla ya kuiba. Hakuuliza. Hakunitazama. Alisimama akajifunga leso yake upya, akatazama dirishani muda unaomtosha mtu kuuliza na kujibiwa, akaona kikombe changu juu ya gunia, akakichukua, akanywa maji yote. Akafuta mdomo. Akatoka, na nikasikia akisema huko nje kwa unyenyekevu, "Amekubali. Amefurahi sana."

Watu wakasema amina. Kisha nikasikia sauti ya Zuhura ikiomba radhi kwa wazee. Alisema yeye ni mgeni, lakini anamtibu yule mgonjwa, na mgonjwa anaweza kujibu mwenyewe mbele ya watu wote, endapo wazee hawawezi kuingia basi mgonjwa atolewe nje. Kaluki akasema jua litaniua. Mjomba akasema kuna kivuli cha mti wa mkau pale, akasimama, akamwita Mutisya washikane godoro. Nikabebwa hivyo hivyo na godoro langu, Mutisya upande wa kichwani. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu wodini kunitazama usoni, na nikahakikisha hapati pa kuyaficha macho yake. Nje mwanga ulinichoma. Mbuzi alikuwa amefungwa karibu nami, nikasikia harufu yake. Zuhura akapiga magoti, akainua ubao, na Mzee Nzioka akageuza uso wake kando kwa heshima, akaniita mama kwa Kikamba, akasema, "Mwaitu, kama unasikia, tuambie."

Zuhura alitamka kila herufi kwa sauti, na mjomba akawa anaziunganisha. NASIKIA YOTE. Jamani, laiti mngeona! Pasta, aliyekuwa ameketi kiti cha mbele, akaanza kujikuna shingo. Mama mmoja wa kwaya akainuka polepole akaenda kuangalia kitu ambacho hakikuwepo nyuma ya jiko. Mutisya akaketi chini, mchangani. Kila mmoja alikuwa anarudi kichwani mwake ndani ya kile chumba, akihesabu alichosema akiwa na sahani juu ya miguu yangu. Nikaonja utamu wa jambo hilo, na sioni aibu kusema kwamba sijaonja kitu kitamu kama hicho tena.

Kaluki peke yake hakutetereka. Alisema huyu mwanamke wa Mwingi ndiye anayesukuma herufi, mgonjwa hana habari, macho hupanda yenyewe siku zote. Watu wakaanza kunong'ona, na nikaona mtoto wangu, akiwa mikononi mwake, akimshika hereni. Mzee Nzioka akawainulia mkono. Kisha akasema Zuhura alikuwa ameketi hapa uani Kaluki alipoingia ndani, kwa hivyo hawezi kujua kilichotokea humo. "Mwaitu, huyu wifi yako alikuuliza nini?"

HAKUULIZA, nikasema. ALIKUNYWA MAJI YANGU.

Hakuna aliyemuuliza Kaluki kama ni kweli. Mkono wake wa kushoto ukapanda peke yake ukafuta midomo, vilevile alivyoifuta kule ndani. Mjomba akaenda chumbani akarudi na kikombe kitupu, akakiinamisha mbele ya wazee, kisha akamrudishia Mzee Nzioka kisu chake, akamfungua mbuzi kamba. Mimi sikuwa nimemaliza. Nikaeleza habari ya maji, herufi kwa herufi, na mtu asidhani ilikuwa fupi. Ilichukua mchana. Niliona jasho likimtoka Zuhura, lakini sikuruka hata neno. Pasta akaingilia, akasema imetosha, dada Mwikali ni mwana wa Mungu, bila shaka amemsamehe wifi yake, si ndiyo dada? Nikatazama chini. Akauliza tena kwa maneno mengine. Chini. Amekuwa akiniuliza hivyo miaka yote hii, yeye na waliomfuata, na mwezi uliopita walimleta Kaluki mwenyewe, amekonda, anakohoa, akapiga magoti mbele ya kiti changu. Nilikuwa na mashine nzima ya maneno. Sikuitumia.

Mzee Nzioka akatoa uamuzi kwamba mimi na mtoto twende Nuu kwa mjomba. Akamwamuru Kaluki amlete Mumbua. Alimtoa mikononi akamweka juu ya godoro, kando ya shingo yangu, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka nikasikia pumzi ya mwanangu shavuni. Mtoto akanitazama. Akaona mtu mwenye mpira puani asiyecheka wala kusogea. Akaogopa, akapiga ukelele, akanyoosha mikono miwili kuelekea jikoni, alikosimama Kaluki, akamwita mama. Alimwita mama tena na tena, akijikunja, akitambaa juu ya kifua changu kumwendea, na mimi sikuwa na mkono wa kumshika wala ulimi wa kumbembeleza. Wanawake walijaribu kumchukua, akawapiga. Kaluki alikuwa ameshika nguzo ya jiko, machozi yanachuruzika mpaka kidevuni, mwili wote unataka kuja na miguu inaogopa. Watu wakanitazama mimi. Mzee Nzioka akauliza, kwa sauti ya chini, kama wifi angeruhusiwa aje amnyamazishe mtoto, mara hii moja tu. Nikatazama chini. Zuhura, ambaye alikuwa upande wangu kuliko mtu yeyote pale, alidhani sikuelewa, akaniuliza yeye mwenyewe polepole, neno moja moja, huku mtoto akikaukiwa na sauti. Nilikuwa nimeelewa. Nikatazama chini, nikayaacha macho huko huko, mpaka Kaluki alipoiachia nguzo akaondoka.